Jinsi nilivyojifunza kupima taya la mwanangu bila kujidanganya

Mwanangu wa pili alizaliwa sikio la kushoto dogo sana, limejikunja, na shavu la upande huohuo limebonyea. Mimi nikadhani kabanwa tumboni litajaa lenyewe. Bibi yake mzaa baba akasema namlaza sana upande mmoja, basi usiku kucha nikawa namgeuza mtoto kama chapati. Kumbe wala, inaitwa hemifesho maikrosomia, nusu ya uso haikukua sawasawa toka tumboni, na dokta akaniambia kwenye kasoro za uso za kuzaliwa ukitoa mdomo sungura hii ndo inafuata kwa wingi. Wakampima usikivu, altrasaundi ya figo, eksrei ya uti wa mgongo manake huwa inaweza kuja na mengine, yote salama, tukashukuru.

Kilichoninyima usingizi ni taya. Alipofika miaka mitano nikawa naona kidevu kinazidi kwenda kushoto. Kila Jumapili nampiga picha kwa simu, usiku nalinganisha, na nakwambia kila wiki naona kimesogea. Nikaenda kliniki na mapicha yangu karibu nalia, yule dada dokta wa kupanga meno akayaangalia akauliza, "Mama, hizi umepigia wapi?" Nikamwambia sebuleni. Akasema siyo hivo, umesimama wapi. Nilikuwa nasimama karibu kabisa, tena juu yake, na simu ikiwa karibu inavuta pua na kuukuza upande ulio jirani. Halafu mtoto mwenyewe ana mazoea ya kuinamisha kichwa, yaani kila picha ilikuwa na uso wake mwingine.

Akanifundisha. Mtoto akae kwenye kiti, wewe kaa mbali kama mita moja na nusu uzuum kidogo, simu usawa wa macho yake, meno yameumana ila midomo imelegea. Piga ya mbele, za pembeni mbili, moja kutoka chini akiangalia dari, hiyo ndo inaonyesha kidevu vizuri kuliko zote. Ya mwisho akiwa ameng'ata kijiti bapa cha mbao, kile cha kubonyezea ulimi, kikatishe mdomoni kwa meno ya nyuma, halafu tazama kama kinalingana na mstari wa macho. Cha kwetu kinapanda kushoto, kwa sababu taya fupi upande ule limeyazuia na meno ya juu yasishuke. Ila hii inafaa kama macho yenyewe yako sawa, wapo watoto jicho nalo limeshuka, huo mstari hauaminiki.

Eksrei ya taya zima nayo ilinitesa. Ya kwanza tulipiga sehemu karibu na nyumbani, majibu yakasema ule mfupa wa taya unaosimama kwenda sikioni wa kushoto ni mfupi kwa milimita 11. Wiki nzima sikula vizuri. Dokta kuiangalia tu akaonyesha meno ya upande mmoja yametanuka, ya upande wa pili yamebanana, kichwa kiligeuka wakati wa kupiga. Ikarudiwa, ikaja 7. Milimita nne zilizoniliza zilikuwa za mkao! Na hata hizo 7 akasema usizishike kama za rula, hiyo picha inakuza vitu. Siti skani ndo inapima kweli lakini ina mionzi zaidi, hatumpigi mtoto ili kutuliza roho ya mama, tutapiga kama tunapanga upasuaji.

Akampa daraja, 2A. Mimi nikafurahi kama ni mtihani wa shule. Akanieleza ni kwamba taya ni dogo na umbo limepungua lakini bawaba yake karibu na sikio iko mahali pake, 2B ingekuwa imehama, 3 ni ule mfupa unaosimama haupo kabisa. Hii orodha ya madaraja aliianza dokta mmoja, Pruzansky, mwaka 1969, mwingine anaitwa Kaban ndo akaja kuigawa ile 2 kuwa A na B. Haiangalii milimita, inaangalia umbo, na ndo inawasaidia kuamua kama mfupa unaweza kurefushwa taratibu au kupandikizwa mwingine.

Saa hizi napima mwenyewe kila miezi sita, kona ya jicho hadi kona ya mdomo. Napima mara tatu, napata namba tatu tofauti, nachukua ya katikati, kwa hiyo milimita moja haiwezi tena kunikosesha usingizi. Nilipoanza kumpima, upande wa kulia ilikuwa milimita 61, wa kushoto 55. Miaka miwili baadaye 64 na 58. Nilikaa naangalia lile daftari muda mrefu, yaani kote kumekua na tofauti ni ileile sita.

Juzi kaninyang'anya kijiti, leo anapima yeye. Nikang'ata, akarudi nyuma na simu kama dokta, akapiga, akacheka mpaka akakaa chini. Mama, na wewe kimepanda!