Nondo 11 za dirisha

Wiki iliyopita mteja mmoja alikuja kupimwa gauni, mimba ya kwanza, miezi minane. Nimemzungushia futi kifuani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, ule uchungu uliuvumiliaje?" Nilimjibu kwa kifupi, maana nyuma yake walikuwepo watu watatu wanasubiri. Jibu refu ndilo hili.

Kwanza, sikuchagua kuzaa bila dawa. Siku hizi naona watu wanaandika "nilichagua". Mimi hakuna aliyeniuliza. Hapa Tanga, kwenye wodi mbili za wazazi nilizolala, ukisikia sindano ujue ni ya kuongeza uchungu, au ile ya kuzuia damu mtoto akishatoka. Ya kupunguza maumivu sikuiona.

Mtoto wa kwanza nilimzaa mwaka 2016. Ndugu zangu waliishia getini. Saa mbili usiku nesi akanipima njia, akasema imefunguka sentimita 4 kati ya 10, na akiwa anavua glavu akaongeza, "Kila saa sentimita moja." Nikapiga hesabu: saa nane nimemaliza. Saa sita akarudi kupima, 6. Nililia pale kuliko wakati wowote wa usiku ule, na wala uchungu haukuwa umepanda. Miaka baadaye mkunga wa kliniki aliniambia kwamba mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishasema hiyo sentimita moja kwa saa isiwe sheria, kwamba wengine huenda polepole zaidi na wakazaa salama, na kwamba uchungu uliokolea huhesabiwa kuanzia sentimita 5. Kumbe mimi nilianza kujihesabia hata filimbi haijapulizwa.

Kilichoniokoa ni dirisha. Mbele ya kitanda changu kulikuwa na dirisha lenye nondo 11. Uchungu ukianza kupanda navuta hewa kwa pua, naitoa taratibu kwa mdomo kama mtu anayepuliza chai ya moto. Pumzi moja, nondo moja. Ya tano na ya sita ndipo pabaya, hapo nilikuwa naona giza. Ya nane unaanza kuachia. Ya kumi umekwisha. Basi nikajua huyu mnyama ana urefu wake, kama dakika moja hivi, kisha ananiachia dakika mbili tatu nikae kama binadamu. Mwanzoni hizo dakika nilikuwa nazipoteza kwa kuogopa unaokuja, meno nimeyauma, mabega yamepanda masikioni.

Ndiyo maana neno "jikaze" silipendi. Kila aliyepita pale kitandani alinitupia: mama, jikaze. Nikijikaza ndiyo kwanza naumia zaidi. Nilipata nafuu nilipolegeza taya na kuachia viganja vilivyokuwa vimeng'ang'ania chuma cha kitanda.

Wa pili, mwaka 2021, nilikwenda kituo cha afya kidogo ambako waliruhusu mtu mmoja aingie. Nikaingia na wifi yangu. Kabla hatujatoka nyumbani, jirani alileta kikombe cha majani ya "kuharakisha". Wifi akashukuru vizuri, akakipokea, akaenda kukimwaga chooni. Zile dawa huminya kizazi bila kipimo, kinaweza hata kupasuka, na mtoto ndani akakosa hewa.

Mtoto huyu alikuwa amekaa kisogo kikielekea mgongoni kwangu, kwa hiyo uchungu wote ulihamia kiunoni. Na dirisha lilikuwa la aluminiamu, hata nondo moja hakuna! Wifi akanipigisha magoti kwenye mkeka, nikaegemeza kifua kitandani, yeye akakunja ngumi na kunigandamiza kwa uzito wake wote pale chini ya kiuno, juu kidogo ya makalio. Uchungu ukiisha, anachovya kanga kwenye maji ya moto ya chupa ya chai, anaikamua, ananiwekea palepale. Kila baada ya muda ananisimamisha twende chooni, kibofu kisijae, na tukirudi ananipa tende na maji.

Alfajiri nikaanza kutetemeka miguu, nikatapika, nikamwambia, "Wifi, nipe baibui langu, mimi naenda nyumbani." Nilikuwa sitanii. Mkunga aliposikia akacheka, akaanza kuvaa glavu. "Ukisema hivyo ujue umefika." Hazikupita dakika 20, nikasikia haja ya kusukuma.

Nikiwa na zile tende nilimkumbuka Bi Maryam, mama yake Nabii Isa. Kwenye sura ya Kurani yenye jina lake, uchungu unampeleka mpaka kwenye shina la mtende, naye anasema laiti angekufa kabla ya hayo. Tangu chuoni nilikuwa naisoma bila kuitazama. Hakuambiwa ajikaze. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji na tende mbivu.

Kesho yake kiuno kilikuwa na alama za vifundo vya vidole, na mkono wa wifi umevimba hawezi kukuna nazi. Alisema ujira wake ni gauni la kitenge, la mkono mrefu. Nimeshalikata. Lipo hapa chini ya cherehani, na kila akipita dukani anainama kulitazama.