Uchungu wa dakika 60

Jumamosi usiku. Jiko linanuka kama nafaka iliyonyeshewa mvua, na mke wangu amefungua madirisha yote mawili ingawa nje ni nyuzi 4. Ndoo iko chini ya ngazi, imevikwa blanketi kuukuu. Nimeshaichungulia mara tatu. Hakuna cha kuona. Hamira haitaanza kuchachamaa kabla ya kesho.

Hii ni mara yangu ya pili kupika bita, ile bia ya Waingereza ya rangi ya shaba inayovutwa kwa mkono kutoka kwenye pipa lililo chini ya baa, ikaja mezani haina gesi ya maana wala ubaridi wa kuuma meno. Nilipofika nchi hii niliionja nikajua nimeuziwa bia iliyolala. Baadaye sana ndipo nikaelewa kwamba nyuzi 12 ndilo joto lake. Ukiigandisha, kimea kinanyamaza.

Ile ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Kimea kilichopondwa hulowekwa kwenye maji hadi mchanganyiko utulie nyuzi 66, ukae saa nzima, vimeng'enya vigeuze wanga kuwa sukari. Mimi nilikuwa na simu sikioni, dada yangu ananicheka kutoka Moshi ("Kaka, pombe gani hiyo haina hata ndizi?"), huku naongeza maji ya moto bila kutazama kipimajoto. Kuja kushtuka, 72. Kwenye joto hilo hutoka sukari nyingi ambayo hamira haiwezi kuila, basi haidromita, kile kipimo cha sukari iliyobaki kwenye bia, ikagota kwenye 1.018 na haikushuka tena. Tulikunywa togwa yenye kiburi hadi Krismasi. Chupa moja nilimpelekea mzee jirani, ambaye baba yake alianza kupika nyumbani 1963, mwaka ambao serikali ya Uingereza ilifuta leseni ya kujipikia bia. Alionja, akasema, "Inavutia." Nimekaa hapa miaka ya kutosha kujua Mwingereza akisema hivyo ana maana gani.

Leo simu niliiacha chumbani. Kilo 3.5 za kimea cha Maris Otter, aina ya shayiri ya Kiingereza, gramu 200 za kimea cha kristali kwa ladha ya sukari ya kuungua, na kijiko cha jasi ndani ya maji. Hayo ya jasi ni ya kuwaiga watu wa Burton upon Trent. Visima vyao vina jasi nyingi, na ndiyo inayoufanya uchungu wa bia yao uwe mkavu, using'ang'anie ulimini. Saa ilipotimia niliuinua mfuko wa kimea nikaukamua kama mtu anayekamua tui, nikalamba kidole. Togwa kabisa.

Kisha hopsi, yale maua makavu yanayoipa bia uchungu na harufu; leo nina aina mbili. Fuggles gramu 45 zinaingia togwa inapoanza kuchemka, zinapikwa dakika 60. Goldings za Kent gramu 20 zinasubiri hadi zibaki dakika 10. Za kwanza zinatoa uchungu na harufu yao inapotea na mvuke. Za mwisho hazipati muda wa kutoa uchungu, zinaacha harufu. Nilipofungua pakiti ya Fuggles, majani makavu na udongo, nikamkumbuka Bibi, Kibosho, na gome lake la mti wa msesewe lililotwangwa kwa ajili ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Bibi hakuwa na saa wala mzani. Alichovya, akaonja, akatema pembeni, akaongeza konzi nyingine. Siku moja nilitafuna kipande cha gome hilo kwa ubishi, na hadi chakula cha jioni kila kitu kilikuwa kichungu, hata maziwa. Mimi hapa na gramu zangu na alamu ya jikoni, bado nina wasiwasi.

Haidromita inasema 1.040. Ikishuka hadi 1.010 nitakuwa na bia ya karibu asilimia 4, na chupa 38 hivi.

Nilipokuwa natupa makapi bustanini, mzee alichungulia juu ya uzio, pua mbele.

"Fuggles?"

"Fuggles, mzee."

Akauliza itakuwa tayari lini, nikamwambia mwezi ujao. Akasema chupa yangu anayo bado, ameshaiosha. Sikumuuliza kilichokuwemo alikimwaga wapi.