Kisumu hadi New York: hesabu ya saa

Kisumu hadi uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, ni takriban kilomita 280 angani, chini ya saa moja. Kazi iko mbele: Nairobi hadi New York ni kama kilomita 11,850. Kwenda moja kwa moja huchukua takriban saa 15, kurudi kama 14, kwa sababu pepo kali za juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda zinakupinga, ukirudi zinakusukuma.

Saa za tiketi huchanganya wengi, maana kila uwanja huandikiwa saa zake. Januari New York iko nyuma yetu kwa saa 8, Julai 7. Ukiondoka Nairobi saa tano usiku Januari, utatua saa nane mchana ya Kisumu, lakini kule ni saa kumi na mbili asubuhi.

Hatari kubwa ni tiketi mbili tofauti. Ndege ya Kisumu ikichelewa, ya pili haikungoji wala hulipwi. Nunua tiketi moja, na kabla hujaondoka kaunta ya Kisumu soma kibandiko cha begi: kiwe na JFK, alama ya uwanja wa New York. Kikiishia NBO, alama ya Nairobi, begi utalichukua mwenyewe Nairobi na kulipeleka upya, kwa hivyo acha angalau saa nne katikati.