Nilivyozilinganisha Datsun 240Z na Celica GT-Four bila kuionea hata moja

Karibu kila niliyemwuliza aliniambia kwamba hakuna haja ya kuzilinganisha, kwa kuwa gari la Toyota Celica la mwanzoni mwa miaka ya 1990, lenye turbo na linalovuta kwa magurudumu yote manne, lingeiacha mbali Datsun ya 1971. Ushauri huo uliniudhi, kwa sababu waliokuwa wakiutoa waliiendesha Datsun yangu kabla kabureta zake, yaani vifaa vinavyochanganya petroli na hewa, hazijaguswa tangu ilipopandishwa kutoka Mombasa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, petroli inazidi, plagi zinashika masizi na injini inakohoa. Celica hujisukumia hewa kwa turbo, kwa hiyo mlima hauisumbui sana.

Fundi mmoja alitaka nizitupe kabureta zote mbili za Hitachi nifunge za Weber, kwa fedha ambazo zingenitosha kununua injini nyingine iliyotumika. Nilikataa. Nilitoa kichujio cha hewa, nikachukua kipande cha mpira wa petroli, nikaweka ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, injini ikiwa sailensa, yaani ikizunguka polepole bila kukanyagwa mafuta. Ilivuta hewa kwa mluzi mkali, ilhali ya nyuma ilinong'ona tu. Nikailegeza skrubu ya mbele kidogo kidogo na kuikaza ya nyuma, nikihamisha mpira huku na huku, mpaka masikio yangu yakashindwa kuzitofautisha. Hapo ndipo nilipozipandisha nati za chini ya kabureta ili kupunguza petroli, hadi plagi zikatoka na rangi ya kahawia iliyofifia. Oili ya dampa iliyo ndani ya kabureta iwe nyepesi. Nzito hulifanya gari lisite unapokanyaga mafuta.

Nilisawazisha upepo wa matairi, kisha jirani yangu, mwenye Celica, akakubali tubadilishane magari kwenye barabara ya zamani kati ya Limuru na Mai Mahiu, asubuhi kabla ya malori. Chini ya mizunguko 3,000 ya injini kwa dakika, Celica imelala. Ikiamka, inakubandika kitini, na kwenye kona zenye unyevu haitetereki. Sishangai kwamba ilishinda Safari Rally mfululizo tangu 1992 hadi 1995, mwaka 1994 ikiendeshwa na Mkenya Ian Duncan. Datsun, kwa silinda zake 6 na sentimita za ujazo 2,393, hujibu papo hapo mguu unapogusa, na usukani wake unakueleza kila kokoto. Hivyo ndivyo ninavyoelewa ushindi wa 240Z kwenye Safari hiyo hiyo, ikiendeshwa na Edgar Herrmann mwaka 1971 na Shekhar Mehta mwaka 1973. Mteremko wa barabara ile ushukwe kwa gia ya tatu, maana breki za ngoma za nyuma za Datsun huchoka zikipata moto.

Kupanda, Celica ilitangulia, wala sibishani. Hata hivyo pengo lilikuwa dogo kuliko nilivyoaminishwa, na kwa raha ya kuendesha nimeichagua Datsun. Atakayeirudisha Mombasa azishushe tena zile nati, kwani petroli ikipungua kwenye hewa nzito ya pwani injini huchemka upesi.