Mota nne na namba tatu

Watu wakiiona droni yangu huuliza kwanza bei, kisha inapaa umbali gani. Hakuna anayeuliza inasimamaje hewani, na mimi hilo ndilo linaloninyima usingizi mwezi huu.

Fremu ni mabaki ya alumini niliyopewa na mafundi wa madirisha. Mota niliziagiza, kengele ya betri nimeing'oa kwenye kompyuta mbovu. Alumini ina ubaya wake: inapeleka mtetemo wote wa mota mpaka kwenye jairoskopu, yaani kihisi kinachopima chombo kinavyoinama na kuzunguka, nayo inadhani chombo kinayumba kumbe kimetulia. Dawa imekuwa kipande cha ndala kuukuu chini ya saketi. (Ndala laini, zile zilizokwisha kisigino.)

Ndege ya kawaida injini ikizima bado ina mabawa ya kuelea nayo. Chombo hiki changu hakina hisani hiyo. Mapanga mawili yanazunguka kisaa na mawili kinyume chake, ili nguvu zinazotaka kuizungusha fremu zifutane. Kikitakiwa kugeuka, jozi moja huongezwa kasi na nyingine hupunguzwa. Mengine yote ni hesabu, kompyuta ndogo inasoma jairoskopu na kusahihisha mara mamia kwa sekunde. Natumia MultiWii, programu aliyoianzisha Mfaransa Alexandre Dubus mwaka 2010 kwa Arduino, kibodi kidogo cha saketi kinachoprogramiwa, na vihisi vya mchezo wa video wa Wii. Imepitwa na wakati, sawa, lakini naisoma nikaielewa.

Kazi yenyewe imo kwenye namba tatu: P, I na D. P ni ukali wa kusahihisha. Ikiwa ndogo chombo kinalegea, ikizidi kinatetemeka kama mgonjwa wa malaria. I hukumbuka kosa lisiloisha, mfano betri iliyokaa upande. D hutuliza papara. Nimekining'iniza kwa kamba katikati ya viti viwili, kiweze kuinama kushoto na kulia tu, napandisha P taratibu mpaka kianze kutetemeka, kisha naishusha kidogo.

Mama jirani alichungulia dirishani.

"Mwanangu, hilo feni si ulifunge darini tu?"

"Shikamoo mama. Hili linatakiwa lipande lenyewe."

"Marahaba. Basi likipanda lisije kwangu, nimeanika dagaa."

Betri ndiyo ninayoiogopa. Ina seli tatu, ikijaa ni volti 12.6, na lithiamu ikishika moto haizimiki kirahisi, kwa hiyo naichaji ndani ya chungu cha udongo na siondoki hapo. Kurusha nje kunahitaji kibali, hivyo kwa sasa nimeazimwa ghala tupu. Jana kilisimama usawa wa kifua, ila kilikuwa kinasogea pole pole upande wa betri. I nilikuwa bado sijaigusa, iko sifuri. Kesho nikitoka kazini naanza nayo.