Fulu wa Dunga

Jumamosi nilishuka Dunga, hapa Kisumu, kununua samaki tu, nikajikuta kwenye mashua ya mzee mmoja katikati ya mafunjo. Maji ya mle ndani ni meusi kama chai ya rangi. Akazamisha kikapu, akatoa visamaki vitatu vidogo kuliko kidole. "Hawa ni fulu, mwanangu. Mbuta hawezi kuwafuata humu, atakosa pumzi."

Na ni kweli! Majani yakioza humaliza oksijeni majini, na mbuta (sangara), samaki mkubwa mla samaki aliyeletwa ziwani miaka ya 1950, hastahimili. Kule kwenye maji wazi amewala fulu hadi aina nyingi zimetoweka.

Kilichoninyima usingizi ni ukoo wao. Ziwa Victoria lilikauka, likajaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita, na humo wakatokea aina zaidi ya 500 za fulu. DNA inaonyesha mababu zao walikuwa machotara, damu ya Kongo na damu ya Nile. (Tunaobishana nani mwenyeji Kisumu, tutulie kidogo.)

Mmoja wa wale watatu wa mzee alikuwa na madoa ya manjano kwenye pezi la chini, mithili ya mayai. Mzee akawarudisha majini. Samaki wa kununua nikasahau.