Mbwa wa saa kumi

Jumapili, usiku

Watoto wamelala, ila sinema ya leo bado inanizunguka kichwani. Mimi na mpwa wangu tumeangalia Lassie Come Home, ile ya zamani, ya mwaka 1943. Nilidhani ataichoka, maana inakwenda taratibu na haina kelele za katuni alizozoea. Wapi! Alizidi kusogea mbele mpaka nikamwambia arudi mkekani.

Hadithi iko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Mvulana mmoja, Joe, ana mbwa wake, Lassie, na kila siku ikifika saa kumi jioni mbwa huyo yuko nje ya shule anamsubiri. Hakuna anayemtuma. Kisha nyumba inaingia kwenye shida, baba hana kazi, na kitu pekee chenye bei pale nyumbani ni Lassie. Anauzwa kwa tajiri. Joe anatoka darasani, mbwa hayupo. Akifika nyumbani wazazi wake hawamzungushi. Ameuzwa, basi.

Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, kwani baba yake hampendi?" Nikamwambia anampenda sana, ila pesa ya chakula hawana. Akanyamaza.

Nilipokuwa na umri wake tulikuwa na mbwa, Bosi, mwekundu, sikio moja limechanika. Tulipohamia nyumba ya kupanga, mwenye nyumba hakutaka mbwa, nami nikaambiwa Bosi amekimbia. Nikawa natoka jioni nampigia mluzi, namwekea ukoko wa ugali nyuma ya uzio. Nilishakuwa mtu mzima ndipo nikajua alipewa mtu akampeleka shamba. Aliyenificha alinionea huruma, na simlaumu. Lakini leo nikiwatazama wazazi wa Joe nimeona wamemheshimu mtoto wao. Alilia, ila alijua analilia nini.

Lassie anapelekwa mbali, Uskoti, na huko mjukuu wa yule tajiri, Priscilla, anamfungulia njia ya kutoroka. Anayemwigiza binti huyo ni Elizabeth Taylor, yule nyota wa sinema, bado mtoto kabisa. Kuanzia hapo ni safari ndefu ya kurudi kusini: mito, mvua, njaa, watu wabaya. Mpwa wangu alifumba macho kwenye ugomvi wa mbwa.

Kilichonishika mimi ni wale wazee wawili. Lassie anaanguka karibu na nyumba yao, hoi, wakamwingiza ndani, wakamlisha, wakamuuguza mpaka akapata nguvu. Hawana mtu mwingine pale nyumbani. Ghafla wana wa kumsemesha. Lakini kila ikikaribia saa kumi mbwa anahangaika, anauendea mlango. Bibi ndiye anayeelewa kwanza: mgeni wao ana safari yake, na anabaki kwa sababu tu ya adabu. Basi anamwachia aende. Waliocheza sehemu hiyo, May Whitty na Ben Webster, walikuwa mke na mume kweli, na nadhani ndiyo maana wanatazamana vile bila maneno mengi. Nimeirudisha sehemu hiyo baada ya mtoto kulala.

Mwandishi wa riwaya iliyozaa sinema hii, Eric Knight, alizaliwa Yorkshire hukohuko akahamia Marekani. Alifariki kwenye ajali ya ndege Januari 1943, akiwa amevaa sare za jeshi la Marekani, miezi michache kabla sinema haijatoka. Inafunguliwa kwa maneno ya kumkumbuka. Na Lassie, ambaye kwenye hadithi ni jike, alichezwa na mbwa dume, Pal. Nilipomwambia mpwa wangu hilo alikataa katakata.

Mwishoni Lassie anafika kwa Joe, halafu tajiri anakuja kumtafuta mbwa wake. Anamwona, anamtambua, na anasema huyu si wangu. Baba wa Joe anapewa kazi ya kutunza mbwa wake. Mtoto alipiga makofi. Mimi nilikuwa nawaza kwamba Lassie amefika kwa sababu watu watatu, binti, bibi na huyu mzee mwenye mali, kila mmoja alikubali kumkosa.

Kesho mpwa wangu anarudi kwao. Ameshasema atamwomba mama yake mbwa, na jina amechagua tayari. Dada atanipigia simu kulalamika kabla ya jioni, nami nitamtetea mtoto.